Juu ya Kupambanua Mambo: Maneno kwa Walimu na Watu wa Mitaa



Katika siku hizi za Yubile tumeamriwa kunena habari ya hekima, na hasa habari ya kupambanua, yaani kujua lipi ni la kushika na lipi ni la kuacha. Tulipoambiwa hivyo tulitazamana. Maana mtu asimamaye kunena juu ya wizi hadhaniwi kuwa mwizi, lakini asimamaye kunena juu ya hekima hudhaniwa kuwa amejihesabu mwenye hekima. Nasi hatujihesabu hivyo. Kabla ya maneno haya kwisha mtasikia kosa letu moja, mpate kutujua.

Twajua vema watu wa mitaa hutaka nini wanapotuletea mambo yao. Hutaka hukumu fupi. Padre, kucheza ngoma ya harusi ni dhambi au si dhambi? Kunywa dawa ya mizizi ni dhambi au si dhambi? Na walimu nao, hasa walio vijana, hutuomba orodha, wapate kuibandika ukutani, na mtu akija waionyeshe kwa kidole. Hatuwalaumu. Orodha ina faida yake, na Amri Kumi ni orodha, wala hakuna aliyezichoka isipokuwa mvunjaji. Lakini orodha hujua mambo ya jana tu. Huja jambo jipya siku ya Jumatatu asubuhi, na mwalimu yu peke yake katika kijiji chake, Padre yu mbali, simu haina chaji, na mtu amesimama mlangoni akilia. Hapo orodha hunyamaza.

Watu wa pwani husema busara, na wajuao Kiarabu hutuambia ya kuwa neno hilo limetoka katika kuona. Na kupambanua ni kutenga vitu vilivyoshikamana. Basi haitupasi kushangaa kwamba kazi hii ni ngumu. Kama mema na mabaya yangekaa mbalimbali, kila kimoja katika kapu lake, nani angehitaji hekima?

Mwakumbuka habari za Mfalme Sulemani, katika mlango wa 3 wa kitabu cha kwanza cha Wafalme. Alikuwa kijana, tena amekwisha kuketi katika kiti cha baba yake, alipotokewa katika ndoto kule Gibeoni akaambiwa aombe alitakalo. Hakuomba umri mrefu, wala mali, wala kuangamizwa kwa adui zake. Aliomba moyo wa kusikia, ili aweze kuwaamua watu. Sisi tungalidhani mwamuzi ahitaji kwanza ulimi mwepesi, au kitabu kinene. Yeye aliomba masikio ndani ya moyo. Na hukumu ya kwanza tunayosimuliwa haikuwa juu ya vita wala juu ya hazina, bali juu ya makahaba wawili waliogombea mtoto mchanga, watu ambao wafalme wengi wasingewafungulia mlango. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, ndipo akanena. Lakini someni na mlango wa 11. Mtu yule yule, katika uzee wake, aliijengea miungu ya wake zake mahali pa kuabudiwa. Hekima haikuwa akiba iliyofungwa sandukuni. Aliacha kusikia, nayo ikamtoka.

Mmewaona binti wadogo wakifundishwa kupeta mtama. Siku ya kwanza mtoto huutikisa ungo kwa nguvu nyingi, na nafaka huruka pamoja na makapi, kuku wakashiba. Akikemewa, siku ya pili huogopa, hutikisa kidogo mno, na makapi yote husalia unganoni. Bibi yake hamwandikii kanuni. Humshika mikono, huupokea ungo akampa tena, humcheka kidogo, humwacha. Hata siku moja mikono yenyewe yajua. Jambo hilo hilo lanenwa mwishoni mwa mlango wa 5 wa Waraka kwa Waebrania, ambapo watoto wa maziwa watengwa na watu wazima kwa alama moja tu: ya kuwa watu wazima wamezifanyiza kazi fahamu zao siku nyingi, hata wamezoea kuyajua mema na mabaya. Kwa hiyo mtu hapati kupambanua kwa kuogopa kukosea. Hupata kwa kushika ungo.

Nasi, ndugu zetu, tumezaliwa katika nchi ambayo ungo huu umeshikwa mara nyingi, mara kwa faida na mara kwa hasara kubwa. Tutanena kwanza habari ya hasara.

Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere alipanda kutoka Lindi pamoja na watu waliookolewa katika utumwa, akikusudia kuwarudisha kuelekea upande wa Nyasa. Wakaishia Masasi, na huko wakajenga. Wale walikuwa wazee wa imani yetu. Lakini mwezi wa Agosti wa mwaka wa 1905 makanisa na nyumba za Misheni ya Masasi ziliteketezwa kwa moto, na wamisheni wakakimbilia pwani. Ilikuwa Vita ya Majimaji. Vilianza mwezi wa Julai katika milima ya Wamatumbi. Na kabla yake, kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, akiwaambia kwamba risasi za Wadachi hazitawadhuru. Yeye mwenyewe alinyongwa na Wadachi huko Mohoro siku ya 4 Agosti 1905, lakini maji yake yaliendelea kutembea, kijiji kwa kijiji, mpaka yakafika kwetu na hata nchi ya Wangoni.

Hatutaki kuwacheka waliokunywa maji yale. Baadhi ya babu zetu walikuwamo. Tena kilio chao kilikuwa cha haki: walitozwa kodi, walitumikishwa katika mashamba ya pamba, walipigwa viboko na watu wa maakida. Wala hatuneni kwamba ilikuwa dhambi kuuchukia uonevu. Jambo tunalotaka mlitazame ni hili, kwamba mtu mwenye haki aweza kudanganyika, naam, aweza kudanganyika upesi kuliko mwingine, kwa kuwa uchungu wake humfanya aitamani ahadi ya kumtoa leo. Walipambanua vema juu ya adui. Hawakupambanua juu ya dawa. Na mambo haya mawili ni mbalimbali. Mara ngapi sisi tumemwamini mtu kwa sababu tu amewachukia tunaowachukia!

Watu walipoanza kuanguka mbele ya bunduki, maji hayakulaumiwa. Ilisemwa kwamba aliyekufa alivunja mwiko. Ndiyo alama ya ahadi ya namna hii: yajilinda yenyewe. Ikitimia, sifa ni zake. Isipotimia, hatia ni ya maiti. Vita vile na njaa iliyofuata, wakati mashamba na ghala zilipochomwa, viliua watu wengi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Wengine wanena 75,000, wengine wapandisha hata 300,000, na walio wengi wao walikufa kwa njaa. Torati, katika mlango wa 18 wa Kumbukumbu, iliwapa Waisraeli kipimo cha nabii kilicho rahisi hata kwa mtoto: tazama kama neno lake limetukia. Lakini kipimo ni lazima kitumiwe mapema, kabla ya mashamba kuungua.

Twasimulia mambo ya 1905 kwa sababu maji yamerudi. Hayatoki tena Ngarambe. Huja katika chupa ndogo, pamoja na mafuta na vitambaa, na huuzwa katika mikutano yenye vipaza sauti, au mtu huletewa habari zake katika simu yake. Tumewaona akina mama waliouza kuku na magunia ya mihogo makavu ili kununua chupa, na mtoto yu nyumbani na homa ya siku tatu, na zahanati iko mwendo wa saa moja, ambapo damu yake ingepimwa. Mtoto asipopona, mama huambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Walimu, mmesikia? Ni hukumu ile ile ya maiti aliyevunja mwiko. Mama huyu hurudi na misiba miwili, wa mtoto na wa nafsi yake kuhukumiwa.

Mtu aweza kutugeukia akisema, Je, ninyi hamna maji ya baraka? Hampaki wagonjwa mafuta? Ni swali jema, wala tusilikimbie kwa hasira. Ndiyo, tunayo. Lakini twayatoa bure. Hatusemi kwamba aliyepakwa asiende hospitali. Wamisheni waliotufundisha sakramenti ndio waliojenga hospitali karibu na kanisa, kama kule Lulindi, na mtu alitoka mahali hapa akaingia pale bila kuona kuwa ameasi. Na mgonjwa wetu akifa hatusemi kwamba ni kosa lake. Siku yoyote tutakapoanza kuuza, au kuzuia watu na daktari, au kuwalaumu wafiwa, siku hiyo maji yetu nayo yatakuwa yale ya 1905, hata yakibarikiwa na nani.

Sasa tunene habari ya faida. Dayosisi hii ilitengwa na Dayosisi ya Unguja mwaka wa 1926, nayo sasa imetimiza miaka 100. Askofu wake wa kwanza alikuwa William Vincent Lucas, aliyekaa katika kazi hiyo mpaka mwaka wa 1944. Kabla ya kuwa Askofu alikuwa padre katika nchi ya Masasi, na jambo ambalo kwalo jina lake limejulikana hata mbali ni lile la jando.

Hatuna haja ya kuwaeleza Wayao, Wamakua na Wamakonde jando ni nini. Mvulana asiyeingia kumbini, hata awe na ndevu, alihesabiwa mtoto. Hakuketi na wazee, na kupata mke kwake kulikuwa kazi. Wamisheni waliotangulia waliona humo mambo yaliyowatisha: uganga, unga uliowekwa kwa ajili ya mizimu, nyimbo za matusi, na uasherati baada yake. Ikawa rahisi kukata neno kwamba Mkristo asiende. Kukawa nini? Wavulana wengine walitii, wakawa kichekesho kwa wenzao. Wengine walikwenda kwa siri, wakarudi wakikana, na wazazi wao wakikana pamoja nao. Amri iliyokusudiwa kulinda usafi ikazaa uongo ndani ya nyumba za Wakristo. Kulikuwa na shauri la pili, rahisi vile vile: kufumba macho, Kanisa litawale siku ya Jumapili na mila itawale siku sita. Hilo nalo huzaa mtu wa mioyo miwili.

Kabla ya vita vya 1914 Padre Lucas na wenzake walianza shauri la tatu, gumu kuliko yote mawili, nalo ni kupeta. Hapo yatupasa kusimama kidogo, maana habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba mzungu mmoja mwenye akili aliketi mezani, akaandika, na mambo yakawa. Haikuwezekana hivyo. Mwingereza hakupita kumbini. Hakujua wimbo upi una fumbo la matusi na upi ni wa kuchekesha watoto tu. Hakujua kama moto ule ni uganga au ni moto wa kuotea baridi. Waliojua ni mapadre na walimu waliozaliwa hapa, kama Padre Kolumba Msigala, aliyeacha kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, na pamoja nao wazee walioitunza mila, ambao wengine hawakuwa Wakristo hata kidogo. Mgeni aliuliza, wenyeji walijibu, wote wakabishana. Kila kitu kiliinuliwa na kutazamwa: hiki ni cha nini? Kikiondolewa, jando litakuwa jando? Kikibaki, Mkristo ataweza kukifanya mbele ya Bwana wake bila kuona haya?

Basi kumbi la msituni lilibaki, na mlezi wa mvulana alibaki, na mafundisho ya heshima, ya uvumilivu na ya kuwatii wakubwa, na furaha ya kurudi nyumbani katika nguo mpya. Dawa za kulinda kumbi ziliondolewa, mahali pake pakawekwa sala na baraka ya padre. Matusi yalikatazwa. Na juu ya unga wa mizimu walitambua jambo ambalo sisi twaliona kuwa kubwa kuliko yote. Waliona kwamba ndani ya kosa mna kiu ya kweli: mtu hataki mwanawe awe mtu mzima pasipo babu zake kujua. Hawakuitukana kiu hiyo. Waliipa maji mengine, yaani kuwaombea marehemu mbele ya Mungu katika Misa. Mtu akikunyang'anya kitu asikupe kitu, mkono wako hubaki umenyooshwa, na giza likiingia hurudi pale pale.

Si wote waliosifu. Katika wamisheni walikuwako waliosema kwamba yamebakizwa mengi mno. Na katika wazee walikuwako waliosema kwamba kilichobaki ni ganda. Huenda kila upande ulikuwa na neno la haki. Kwa wasichana kazi ilikuwa nzito zaidi. Mwanamume, awe mzungu au awe wa hapa, hakuruhusiwa kuona wala kusikia yaliyofanywa, na mtu hawezi kupeta asichokiona. Ilipasa mambo yawekwe mikononi mwa akina mama Wakristo, nayo yakaitwa malango. Na waliokuwa na maarifa zaidi katika jambo hili hawakuandika vitabu. Majina yao hatunayo. Twasikitika.

Ndipo twafika katika kosa letu. Sisi tuliofuata tulirithi nafaka iliyokwisha kupetwa, tukadhani tumerithi na mikono. Tulijua kwa moyo yapi yamekatazwa na yapi yameruhusiwa, lakini hatukujua walifikaje huko. Tulifanya hukumu ya wazee wetu kuwa ile orodha ya ukutani.

Miaka mingi iliyopita, katika mtaa tuliokuwa tukiutumikia, alifiwa mama mmoja, mshiriki mwaminifu, mwenye watoto wanne. Baada ya arobaini akaonekana alfajiri kwenye mti karibu na kaburi la mumewe akiweka unga. Habari ikaletwa katika halmashauri. Hapakuwa na ubishi. Unga ni unga, umekatazwa, tukamtenga na Meza ya Bwana, tukamwandikia barua, na mwenye kuipeleka alikuwa kijana mdogo kuliko mwanawe wa kwanza. Shauri hili lote lilikwisha kabla ya chai. Hatukumwita. Hatukumwuliza hata neno moja.

Baadaye sana tukasikia. Ndugu za mume walikuwa wamemwambia kwamba asipoufanya ule unga, mikorosho na nyumba vitarudi kwao, naye atoke na watoto. Alikuwa hana mwanamume wa kumsemea, na katika mkoba wake wa ukindu, chini ya ule unga, alikuwa amechukua rozari. Hakuja kutuomba msaada kwa kuwa alijua tutasema nini. Kwa barua yetu wale ndugu wa mume walipata nguvu, wakisema, Tazama, hata Kanisa lako limekukataa. Akaipoteza mikorosho. Akahama pamoja na watoto, na mahali alipokwenda aliingia katika kundi la mmoja wa hao wauzao chupa. Tulimfuata, tukamwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatupikia, akatuambia ametusamehe. Hakurudi.

Tulihukumu kweli juu ya unga. Hata leo twasema unga wa mizimu si wa Mkristo. Lakini Sulemani aliwasikiliza makahaba wawili mpaka mwisho, nasi hatukumsikiliza mjane mmoja tuliyemfahamu. Tuliangalia mkono wake ulifanya nini. Hatukuangalia ni nani aliyeushika ule mkono. Tangu siku ile tumejiwekea desturi chache, na walimu waliotuomba orodha wazipokee hizi kama wapendavyo. Hatukati shauri la mtu asiyekuwapo. Shauri lenye kumtenga mtu hatulimalizi kwa siku moja, bali twalilalia. Katika kila shauri la mwanamke wawepo akina mama wazima wawili au zaidi, wala si kwa kutoa chai. Tena twauliza maswali yaliyo duni, ambayo watu wakuu huona haya kuyauliza: nani atapata faida hapa? Nani atalala njaa? Na katika Waraka wa Yakobo, mlango wa kwanza, twajua kwamba Mungu huwapa hekima wamwombao, wala hawasuti. Kwa hiyo tumeacha kuifanya ile sala ya kuanza mkutano kuwa kama kugonga kengele. Na tukiwa hatujui, twasema hatujui. Mwanzoni lilitukwama kooni neno hili. Sasa laja kwa urahisi, na watu hawajatudharau. Au kama wametudharau, wamefanya hivyo kwa adabu.

Mtauliza kama tumepata kulifaulu jambo lolote kwa njia hii. Tutanena la korosho. Ninyi nyote mwajua kangomba. Na kwa wageni waliokuja katika Yubile, ni kule kumpa mkulima fedha kabla ya mavuno, ili korosho zikitoka awe amekwisha kuziuza kwa bei ya chini, mara nyingi kwa kipimo cha bakuli pasipo mizani. Mwaka wa 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe na kuwakagua wauzaji, neno hili lilitajwa nchi nzima. Katika mtaa wetu mmoja aliyekuwa akifanya biashara hiyo ni mzee wa kanisa. Wengine walitaka afukuzwe siku ile ile. Tukamwita. Akasema, Mwezi wa tatu huja mtu mlangoni pangu, mtoto wake yu mgonjwa, ghala tupu, ninyi mwampa sala, mimi nampa fedha, nani amempenda? Ndugu zetu, lilituchoma. Palikuwa na ukweli ndani yake, na palikuwa na ulaji ndani yake, vimeshikamana kama punje na ganda lake. Tukawaita na waliouza. Mmoja akasema, Alinisaidia. Mwingine akasema, Alinisaidia mwaka wa kwanza; mwaka wa nne nikawa kibarua katika mikorosho ya baba yangu. Yule mzee aliinamisha kichwa. Haikuhitaji sisi kuhukumu. Akatoa mwenyewe sehemu ya faida yake, akina mama wakaongeza, na wengine wachache. Kikawa kifuko cha kukopesha watu katika miezi ya njaa, hurudishwa kwa fedha na wala si kwa korosho. Ni kidogo, na mwaka mmoja kilikauka kabisa. Kingali kipo.

Limebaki jambo moja la kuwaambia, nalo ndilo lililotufanya tukubali kunena leo. Twasikia, na ninyi walimu wa shule ndio mtuambiao, kwamba katika nchi zetu za Mtwara na Lindi wasichana wa shule ya msingi, wengine wa miaka minane au tisa, huingizwa unyagoni wakati wa likizo. Wazazi wataka karamu moja kwa watoto wawili watatu, gharama zipungue, na likizo ni fupi. Huko hufundishwa mambo ya ndoa ambayo zamani hufundishwa msichana aliyekwisha kupevuka na kukaribia kuolewa. Mafundisho ni yale yale. Mtoto si yule. Arudipo darasani, mwalimu amwona amekuwa mwingine, na baadhi yao hawafiki darasa la saba kwa sababu ya mimba. Na tusinyoshee vidole watu wa nje: katika nyumba za Wakristo jambo hili lipo, na wengine hulifunika kwa jina la malango, wakisema, Askofu Lucas aliruhusu. Askofu Lucas hakuruhusu hili. Kile walichokipeta kilikuwa mtama wa mwaka wao.

Wako wasemao tupige marufuku unyago wote, na wako wasemao ni mila, tuiache. Mwayatambua mashauri haya mawili. Tumekwisha kuyasikia, mmoja kwa kila sikio, tangu zamani za babu zetu. Kwa hiyo, kwa idhini ya Bwana Askofu, tumewaomba makungwi wa mitaa yote wakutane siku tatu kabla ya likizo ya mwezi wa sita, Wakristo na wasio Wakristo, pamoja na walimu wa kike na wauguzi wa zahanati. Wataketi ndani ya ukumbi wa akina mama, milango imefungwa, wapitie kila wimbo na kila fundisho: hili ni la nani, na la umri gani, na kama limeumiza mtoto. Halmashauri italeta mchele na kuni. Sisi wanaume tutakaa nje chini ya mwembe, tukingoja kuitwa. Na wakituita, tutaingia kwanza kusikia.